Nyumba Yenye Alama Tisa

Nyumba ya Gaudensi Mwalongo ilikuwa na alama tisa kati ya mia, na hakuna nyumba nyingine yenye mtoto katika mji mzima wa Ludihani iliyowahi kushuka hivyo. Mwenyewe alijua, na alimkumbusha Olipa Mlowe kabla hajamwonyesha kiti.

"Tisa, Afisa. Ya kwako ni ngapi?"

"Mimi sina mtoto, Bwana Mwalongo."

"Basi unafundisha watu nini?"

Olipa aliweka begi lake sakafuni. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na nne kama afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Mji, na maneno ya sebuleni yalikuwa hayamtoboi tena. Aliinua macho juu ya mlango. Pale ambapo zamani watu walitundika picha ya harusi palikuwa na Sikio, kisahani cheupe kipana kama kifuniko cha sufuria, chenye taa moja ya kijani.

Kila nyumba yenye mtoto ilikuwa nalo. Sikio halikuhifadhi maneno, maana sheria ilikataza. Lilipima tu ukali wa sauti, kishindo cha kitu kinachopiga mwili, kilio na urefu wake, kisha likapeleka namba ofisini. Namba ikifika sabini, mahakama ilitoa Amri ya Ulinzi ndani ya saa moja na mtoto akaondolewa. Isipofika, afisa hakuwa na la kufanya hata angekuwa ameona nini. Wananchi waliidai sheria hiyo wenyewe, baada ya miaka ambayo maafisa walichukua watoto wa watu kwa chuki na kuwaacha wengine kwa kujuana. Olipa, akiwa binti wa chuo, aliandamana barabarani kuidai.

Mlango wa jikoni ulifunguka, akaingia mtoto wa miaka tisa amebeba sinia la chai. Ndiye Efrasia, binti wa marehemu dada yake Mwalongo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mikono imefanya nini?"

Vidole vya mtoto vilikuwa vimevimba, vyekundu kuelekea zambarau, na ngozi imepasuka kwenye viungo.

"Baridi," alisema Efrasia haraka, akamtazama mjomba wake kuona kama amejibu sawasawa.

"Juni hii, Ludihani nzima ina vidole hivyo," alisema Mwalongo. Hakupaza sauti. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza. "Mimi simpigi mtoto, Afisa. Simtukani. Muulize huyo." Alinyoosha kidole juu ya mlango. "Mtoto aliyelelewa halii."

Olipa aliyajua yote ambayo Sikio halikuyajua. Mwezi wa tano mwalimu wa Efrasia alimletea daftari ambamo mtoto alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba akikosea, mjomba anamwonyesha mlango kwa kidole naye anaenda mwenyewe kwenye ghala la baridi linalotunza mbegu za viazi. Anasimama huko bila viatu mpaka mjomba amkumbuke. Ghalani hapakuwa na Sikio kwa kuwa hakuna anayeishi humo. Olipa alikwenda kuwauliza wafanyakazi wanaochambua viazi, watu kumi na mmoja, mmoja mmoja, na wote walimpa jibu moja: hatujaona. Walikuwa wakimtegemea Mwalongo kwa ugali wao. Zahanati nayo iliandika "vidole vya baridi", ikaongeza alama nne, na baada ya mwezi mmoja zikafutika. Daftari la mtoto halikuhesabiwa kabisa.

Siku hiyo alikuja kwa kazi ya kawaida, kulisawazisha Sikio, kama ilivyofanywa kila baada ya miezi sita. Alitoa begini kisanduku cha kupimia. Sikio lilikuwa limefundishwa kupuuza redio, televisheni na kila sauti inayotoka kwenye mashine, lakini sauti za kisanduku zilitengenezwa maalumu zipite kama za watu wa kweli: kofi, mkanda, mtoto akilia. Afisa alipaswa kwanza kubonyeza kitufe cha majaribio, taa igeuke njano, ndipo azicheze.

"Naona unaanza makelele yako," alisema Mwalongo akisimama. "Niko nje na dereva."

"Efrasia, nenda jikoni, ufunge mlango."

Olipa alipanda juu ya kiti. Kidole chake kilifika kwenye kitufe, kikakaa juu yake. Kwa miaka kumi na nne hakuwahi kughushi hata tarehe ya barua. Kupitia dirishani alimsikia Mwalongo akimwambia dereva, "Usijali, ni huyu mama na majaribio yake," kisha wote wawili wakacheka.

Aliondoa kidole. Akacheza sauti zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, huku taa ikiwa ya kijani. Ilipofika sauti ya mkanda ikawa nyekundu.

*

Namba ilimtangulia ofisini: themanini na sita. Amri ilitoka baada ya dakika arobaini, na saa kumi alasiri Olipa alirudi kwa Mwalongo akiwa na askari, WP Sigrada Mbilinyi.

Mwalongo aliisoma amri akiwa amesimama mlangoni. Aliisoma mara mbili.

"Sikio lako ni bovu," alisema polepole, "au wewe ndiye mbovu. Nitajua ni lipi."

"Una siku thelathini za kukata rufaa," alisema WP Sigrada.

"Sizungumzi na wewe."

Efrasia alitoka na begi la shule na sweta. Ndani ya gari alikaa katikati yao, mikono ameibana mapajani.

"Nitarudi lini?" aliuliza.

"Hutarudi huku," alisema Olipa.

Walimpeleka kwa Mama Benigna, mlezi aliyesajiliwa upande wa pili wa mji. Wiki mbili za kwanza mtoto aliomba ruhusa hata ya kukaa. Ya tatu alivunja kikombe, akaenda mwenyewe kusimama nje kwenye umande bila viatu. Mama Benigna alimfuata, akambeba ndani, akamwambia kikombe kilikuwa na ufa siku nyingi. Mwezi uliofuata aligombana na mtoto wa jirani kwa sauti mpaka kuku wakakimbia. Mama Benigna alimpigia simu Olipa kumsikilizisha ugomvi huo, na Olipa alifunga mlango wa ofisi akalia.

*

Jambo ambalo Olipa alilijua na hakulifikiria ni kwamba Sikio hujifunza.

Kila mwisho wa mwezi mashine kuu ya Halmashauri ilipitia kesi zilizofikia sabini, ikarudi nyuma siku tisini na kujiuliza: nyumba hii ilikuwaje kabla ya kupasuka? Dalili ilizozipata ilizitafuta kwenye nyumba nyingine ili iwahi. Ludihani ni mji mdogo, kesi zake ni za kuhesabu kwa vidole, na kesi moja nzito ilitosha kuuvuta mzani wote. Katika siku tisini za nyumba ya Mwalongo mashine haikukuta ugomvi, wala kilio, wala mlango uliobamizwa. Ilikuta kimya. Ikajifunza kwamba kimya ni hatari.

Wiki ya pili ya Agosti zilitoka amri saba. Ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mjane aliyelea mjukuu mpole. Ya tatu ilikuwa ya Ombeni na Vumilia Nyagawa, mtaa wa Mji Mwema, mtoto Tulinagwe, miezi kumi.

Olipa aliisoma ile ya tatu akiwa kwenye gari na akamwambia dereva asimame. Aliwajua kwa jina. Ombeni alikuwa seremala. Yeye na mkewe walikuwa viziwi.

"Tugeuze," alisema.

"Amri ina saa moja," alisema WP Sigrada. "Tusipokwenda sisi watatumwa wengine, tena bila wewe. Unataka nani aje kumchukua mtoto?"

Wakaenda.

Vumilia alikuwa uani akianika nepi. Alivaa kwenye vifundo vya mikono bangili za kusemea, zile zinazosoma mwendo wa mikono na kuutolea sauti. Olipa alipompa karatasi, aliisoma, akamtazama Olipa, akaisoma tena. Kisha mikono yake ikaanza kwenda kwa kasi, na bangili zikatoa sauti tulivu ya mwanamke anayesoma taarifa ya habari.

"Nyumba yangu ina kimya. Mmekuja kuniambia kwamba nyumba yangu ina kimya."

"Mama Tulinagwe, nisikilize..." alisema Olipa, na Vumilia akayasoma maneno midomoni mwake.

"Wewe ndiye unisikilize. Nazungumza na mwanangu kila dakika niliyo naye. Hizi bangili zinazungumza. Hicho kitu chenu mlangoni hakisikii?"

Hakikusikia. Sauti ya bangili ilikuwa sauti ya mashine, na Sikio lilifundishwa kuipuuza. Naye Tulinagwe hakulia sana, kwa sababu alikuwa ameshajifunza, kwa akili ya miezi kumi, kwamba kwao mtu huitwa kwa kupunga mkono.

Ombeni alitoka karakana mbio, vumbi la mbao kwenye nywele. Alimchukua mtoto akamkumbatia, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta. Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio.

"Mnawachukulia viziwi mtoto!" alipiga kelele mwanamke mmoja. "Mmekosa nyumba za walevi?"

Donge la udongo lilimpiga Olipa begani. La pili lilivunja kioo cha gari. WP Sigrada alimfungua Ombeni mikono kidole kwa kidole huku akimwambia pole, pole kaka, na kaka hakusikia hata moja. Mtoto alipopita mikononi mwa askari alimpungia mama yake. Alipunga, akapunga tena, na alipoona mama haji, ndipo akalia.

Vumilia alikuwa ameshikwa na majirani. Mikono yake ilikuwa imebanwa, kwa hiyo bangili hazikusema kitu.

*

"Funga mlango," alisema Bwana Kayombo, mkuu wa idara. Olipa alikuwa amemaliza kumweleza yote, kuanzia kitufe hadi kilio. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi na iwe hivyo. Nitaandika Sikio la pale Mji Mwema lina hitilafu. Ndani ya miezi mitatu tutawarudishia mtoto kimyakimya."

"Miezi mitatu mtoto wa miezi kumi atakuwa hawajui. Na wale sita wengine? Na wa mwezi ujao? Kila nyumba tunayoichukulia mtoto inaifundisha mashine tena kwamba ilikuwa sahihi."

Kayombo alivua miwani. "Dada Olipa, sikiliza. Ukisimama mbele ya hakimu ukasema ulighushi, amri zote zilizotokana na ule ughushi zinakufa. Ya kwanza kufa ni ya yule binti. Mwalongo atakuja na gari kumchukua siku hiyohiyo, na safari hii atakuwa na karatasi ya mahakama inayosema alionewa. Hakuna afisa atakayethubutu kumgusa tena. Umelifikiria hilo?"

"Sijafikiria kingine tangu Jumanne tulipotoka Mji Mwema."

"Na?"

"Na nilimtoa mtoto mmoja kwa kuwalipisha wengine saba ambao hawakunituma."

"Waambie hivyo wale saba. Halafu umwambie Efrasia."

Alimwambia Efrasia. Alikwenda kwa Mama Benigna Jumamosi asubuhi, akamkuta anamenya viazi, vidole vyake vimepona vyote isipokuwa viwili. Alimweleza kwa maneno mafupi: alidanganya ili kumtoa, uongo huo umeumiza watoto wengine, lazima auseme, na akiusema huenda mjomba akamchukua. Hakumwomba ruhusa. Kumbebesha mtoto wa miaka tisa uamuzi huo, aliona, kungekuwa unyama mwingine.

Efrasia aliendelea kumenya kiazi mpaka kikabaki kidogo kama kokwa.

"Ungekaa kimya tu," alisema.

"Ningeweza, ndiyo."

"Basi ondoka."

Mama Benigna alimsindikiza Olipa mpaka getini, akafunga geti bila kumuaga.

*

Hakimu Chengula alisikiliza kwa saa nzima, akauliza maswali mawili, akaandika hukumu ya ukurasa mmoja. Amri zote nane zilifutwa. Mashine kuu ya Ludihani irudishwe ilivyokuwa kabla ya Juni. Olipa Mlowe asimamishwe kazi na ashtakiwe.

Nje ya mahakama watu walimsubiri. Wale waliorudishiwa watoto hawakumshukuru, na hakutegemea. Yule bibi mjane alimtemea mate miguuni. Ombeni alipita na Tulinagwe kifuani bila kumtazama.

Mwalongo alikuja na gari, kama Kayombo alivyosema. Alimfungulia Efrasia mlango kwa upole, akamfunga mkanda, kisha akamwendea Olipa na kusimama karibu naye kiasi cha kunong'ona.

"Umeona sasa? Ni wewe uliyekuwa mbovu."

Ilibaki njia moja, ya zamani, iliyosahaulika kwenye sheria kwa sababu hakuna aliyeihitaji tangu Masikio yaje. Mkazi yeyote mtu mzima, asiye ndugu wala mtumishi wa Halmashauri, aliyeona madhara kwa macho yake, angeweza kuapa mbele ya hakimu, na hakimu angelazimika kwenda kujionea. Olipa hakuwa ameona. Waliokuwa wakiona walikuwa ghalani kwa Mwalongo.

Alikwenda kila siku. Alikaa ng'ambo ya lango wakati wa mapumziko ya mchana, akamwendea kila aliyetoka. Walimkwepa. Msimamizi alimmwagia maji ya kuoshea viazi, akasema hakumwona. Siku ya kumi na tatu mwanamke mmoja aliyevaa kofia ya wavu na barakoa ya kazi alivuka barabara, akasimama mbele yake, akaishusha barakoa.

Olipa aliinuka. Alikuwa Vumilia Nyagawa.

"Mwezi wa tano ulikuja hapa," zilisema bangili. "Uliuliza watu kumi na mmoja. Tulikuwa kumi na wawili."

"Sikujua kwamba..."

"Ulijua. Ulininyooshea kidole, ukamuuliza msimamizi, na yule? Akakwambia, huyo bubu, achana naye. Ukaachana nami."

Olipa alikumbuka. Alikumbuka kofia, meza ya mwisho, na jinsi alivyofunga daftari lake akaridhika kwamba amemaliza.

"Ni kweli," alisema.

"Meza yangu inatazama mlango wa chumba cha baridi. Mimi sina pa kupeleka macho zaidi ya pale. Namwona akiingia tangu mwaka juzi. Jana aliingia saa tisa. Tulifunga kazi, bado yumo."

"Kwa nini hukusema kwa mtu?"

 Mikono ya Vumilia ikaenda taratibu, ili bangili zisikosee.

"Nilimwambia msimamizi. Nilimwambia mwenyekiti wa mtaa. Walisema Sikio linasoma tisa. Walisema kiziwi anajua nini kuhusu nyumba yenye amani?"

Gari la viazi lilipita kati yao na lango. Olipa alingoja lipite.

"Utaapa?"

"Nitaapa."

"Mwalongo atakufukuza."

"Ombeni ana randa, na mimi nina mikono. Lakini uelewe kitu. Mwanangu sasa halali mpaka ashike nguo yangu. Nikigeuka kidogo tu, anapiga mayowe. Hilo ni lako. Siendi mahakamani kwa ajili yako, na ukinisalimia huko sitakuitikia."

"Sawa."

"Usiseme sawa kana kwamba tumepatana."

Aliipandisha barakoa akarudi kazini kumalizia siku yake.

*

Kesho yake Vumilia aliapa chemba, ofisini mwa hakimu, Mwalongo akiwa hajui lolote. Hakimu Chengula alizima bangili na kuagiza mwalimu wa shule ya viziwi aje kutafsiri, kwa kuwa, alisema, ameshachoka kusikilizishwa na mashine. Maelezo yalichukua dakika ishirini. Yalipokwisha, hakimu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na robo. Hakuahirisha shauri. Alimchukua WP Sigrada na daktari, wakapanda gari moja, wakaenda ghalani bila kupiga simu.

Msimamizi alisema ufunguo hauonekani. WP Sigrada alimwambia autafute, na ukaonekana.

Walimkuta Efrasia katikati ya magunia ya mbegu, amesimama kwenye sakafu ya saruji na sweta la shule, viatu amevipanga vizuri kando ya mlango. Daktari alimuuliza amekaa humo muda gani. Mtoto aliomba kwanza aambiwe kama anaruhusiwa kutoka.

Hakimu alitoka naye mwenyewe, amemfunika joho lake. Mwalongo alikuwa ameshafika, amesimama uani na wafanyakazi wake wote nyuma yake.

"Mheshimiwa, hii ni nidhamu tu. Sijamgusa. Ya nyumbani kwangu ni tisa."

"Nimeona," alisema hakimu, akampa WP Sigrada ishara amfunge pingu.

Olipa hakuwepo. Mahakama ilikuwa imemkataza kumsogelea mtoto mpaka kesi yake iishe. Alisikia kwa watu, sokoni, kwamba mama mdogo wa Efrasia amefika kutoka Makete na kumchukua, na kwamba mtoto hakumuulizia mtu yeyote Ludihani isipokuwa Mama Benigna.

Jumatatu alikwenda mahakamani. Kwenye ubao wa matangazo, nyuma ya kioo, Amri ya Ulinzi ya Efrasia ilikuwa imebandikwa, imeandikwa kwa mkono kwa sababu mashine haikuwa na fomu ya aina hiyo. Mahali pa alama palikuwa pamepigwa mstari. Mahali pa shahidi palikuwa na jina kamili la Vumilia Nyagawa na saini yake, kubwa, imevuka kisanduku. Chini yake ilibandikwa hati ya mashtaka dhidi ya Olipa Mlowe: kughushi ushahidi, makosa mawili.

Karani alitoka akamwona amesimama pale.

"Wewe ndiye Mlowe? Ingia. Wanakungoja."

Olipa alisoma ya mtoto mpaka mwisho, na tarehe, na mhuri. Kisha akaingia.